Kumwandikia Jaji kwa Ajili ya Manusura: Mwongozo wa Hoja za Rafiki wa Mahakama katika Kesi za Ukatili wa Kingono Utotoni

Mtu aliyetendewa ukatili wa kingono akiwa na miaka tisa anaweza kuja kuusema akiwa na miaka arobaini. Akifika mahakamani, mara nyingi swali la kwanza haliwi kama alitendewa kweli au la. Huulizwa alikuwa wapi siku zote hizo. Huulizwa kama muda wa kufungua shauri haujapita, kama shule au taasisi ya dini iliyomwajiri mtendaji wa ukatili huo inaweza kubebeshwa wajibu, na kama maneno yake peke yake yanatosha. Haya ni maswali ya sheria. Majibu yake hutolewa katika mahakama za rufani na za katiba, na jibu likishatolewa huwafunga au kuwafungulia mlango watu wengi ambao hawamo kwenye jalada lile.

Mwongozo huu ni wa mashirika, mawakili, watafiti na manusura wenyewe wanaotaka kusikika katika kesi ya namna hiyo bila kuwa mdai wala mdaiwa, kwa njia ya hoja za maandishi za rafiki wa mahakama (amicus curiae), yaani mtu wa nje ya kesi anayeisaidia mahakama. Msimamo wangu niuseme mapema. Andiko hili humsaidia manusura pale tu linapompa jaji jambo la kweli ambalo hakuna upande uliompa, na ambalo anaweza kulifuatilia mpaka kwenye chanzo chake. Uchungu wetu ni wa haki, lakini hauwezi kushika nafasi ya hilo.

Hatua ya 1: Soma jalada kabla ya kuamua lolote

Habari za magazetini hazitoshi. Tafuta hukumu ya mahakama ya chini, sababu za rufaa, na hoja zilizokwisha kuwasilishwa na pande zote. Kisha andika kwa sentensi moja swali ambalo mahakama imeombwa kulijibu. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, bado hujaielewa kesi, na si wakati wa kuandika hoja.

Mfano wa swali ni huu: je, bunge linaweza kufufua madai ya fidia ambayo muda wake ulikwisha chini ya sheria ya zamani? Nchini Marekani swali hilo limejibiwa kwa namna zinazopingana. Mahakama za juu za Utah mwaka 2020 na Colorado mwaka 2023 zilisema haiwezekani. Mahakama Kuu kabisa ya Maryland ilisema inawezekana, Februari 2025, kwa kura 4 dhidi ya 3. Louisiana ilisema hapana Machi 2024, kisha ikakubali kuisikiliza kesi upya na kugeuza uamuzi wake Juni mwaka huohuo. Tofauti hizo hazikutokana na majaji wa mahali fulani kuwa na huruma kuliko wengine. Chanzo chake kikubwa ni katiba za majimbo hayo, maneno yake, na jinsi yalivyotafsiriwa huko nyuma. Ukichukua hoja iliyoshinda Maryland na kuipeleka kwingine bila kusoma katiba ya huko, umempotezea jaji muda.

Tenganisha pia jinai na madai. Mwaka 2003, katika kesi ya Stogner dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kufufua mashtaka ya jinai ambayo muda wake ulikwisha, kwa kura 5 dhidi ya 4. Uamuzi huo haukufuta uwezekano wa kufufua madai ya fidia. Mwandishi anayechanganya mambo haya mawili humpa mpinzani ushindi wa bure.

Na kuna kesi ambazo hatupaswi kuziingia kabisa. Pale mahakama inaposikiliza ushahidi ili kuamua kama mshtakiwa alitenda kosa, mtu wa nje anayekuja kusema "huyu ni mkosaji" hamsaidii mtoto. Anaipa rufaa ya mshtakiwa sababu. Subiri swali la sheria.

Hatua ya 2: Zungumza na wakili wa manusura

Kesi ina mwenyewe. Wakili wake huenda anapigania hoja nyembamba kwa makusudi, kwa mfano tafsiri ya kifungu kimoja tu, na wewe ukija na hoja pana ya katiba unaweza kumtia jaji hofu ya kufungua mlango asioutaka. Muulize wakili nini hakimo katika hoja zake kwa sababu ya uhaba wa kurasa, nini ameamua kutokisema kwa sababu maalumu, na kama mteja wake anajua na anaridhia kwamba watu wengine wataandika kuhusu kesi yake. Jibu la hili la mwisho likiwa hapana, acha.

Mazungumzo hayo yawe ya kuzuia kurudiarudia, yasiwe ya kuandikiwa. Katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kanuni ya 37 inamtaka rafiki wa mahakama aeleze wazi kama wakili wa upande wowote aliandika sehemu ya andiko lake, na nani alichangia fedha za kuliandaa. Hata pale ambapo kanuni haidai hivyo, jiwekee sharti hilohilo.

Hatua ya 3: Chagua mlango sahihi wa kuingilia

Hapa ndipo mashirika mengi yenye nia njema hukwama, kwa sababu neno "rafiki wa mahakama" halimaanishi kazi ileile kila mahali.

Nchini Marekani, rafiki wa mahakama huruhusiwa kusema waziwazi anaunga mkono upande gani. Katika Mahakama ya Juu, kwenye hatua ya usikilizwaji kamili, andiko huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya upande unaoungwa mkono kuwasilisha lake, na halizidi maneno 8,000. Tangu Januari 2023 hakuna haja ya ridhaa ya pande za kesi.

Kenya ni habari nyingine. Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu au shirika lenye utaalamu maalumu kufika kama rafiki wa mahakama kwa ruhusa ya mahakama. Lakini Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa 2015 uliotokana na kesi ya Mumo Matemu, iliweka masharti makali: rafiki wa mahakama asiegemee upande, ajifunge kwenye hoja za kisheria, aombe mapema, na alete jambo jipya ambalo pande za kesi hazikuligusa. Shirika ambalo limekuwa likiwatetea watoto hawahawa waliomo kwenye kesi, au lililotoa matamko hadharani kuhusu mshtakiwa huyuhuyu, litapata shida kuthibitisha kwamba haliegemei upande. Kwa shirika kama hilo, mlango wa heshima zaidi ni kuomba kuunganishwa kama mhusika mwenye maslahi, ambako kuwa na upande si kosa.

Afrika Kusini kuna fursa ambayo si kila mahakama huitoa. Kanuni ya 31 ya Mahakama ya Katiba inamruhusu rafiki wa mahakama kuleta mambo ya hakika yasiyomo kwenye kumbukumbu za kesi, ikiwa hayana ubishi, au kama ni ya kiserikali, ya kisayansi, ya kiufundi au ya takwimu na yanaweza kuhakikiwa kwa urahisi. Utafiti kuhusu kuchelewa kusema una njia iliyonyooka ya kuingilia hapo. Pale ambapo mahakama inataka sheria tu, utafiti huohuo una nafasi salama zaidi ukiletwa mapema na shahidi mtaalamu katika mahakama ya kwanza, ili rafiki wa mahakama aje baadaye kuonyesha sheria inavyopaswa kuusoma.

Katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ombi la mtu wa tatu hutakiwa ndani ya wiki 12 tangu taarifa kwamba serikali imejulishwa kuhusu kesi ichapishwe kwenye tovuti ya mahakama, na maoni kwa kawaida hayazidi kurasa 10. Mfano wa kusoma ni kesi ya O'Keeffe dhidi ya Ireland, iliyoamuliwa Januari 2014. Ilihusu ukatili uliofanywa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi mwaka 1973, na mahakama ikaona kwamba serikali ilishindwa kuwalinda watoto ingawa shule ziliendeshwa na kanisa. Tume ya Haki za Binadamu ya Ireland ilikuwa miongoni mwa walioruhusiwa kutoa maoni.

Soma kanuni za mahakama yako kwenye toleo la sasa, si kwenye andiko la mwaka juzi la shirika jingine. Tarehe za mwisho hazina huruma.

Hatua ya 4: Beba hoja moja

Moja tu. Tuseme umechagua kuonyesha kwamba mtoto kuchelewa kusema si dalili ya uongo. Basi usiongeze kurasa kuhusu ukubwa wa tatizo duniani, historia ya shirika lako, na mapendekezo kwa bunge. Mahakama ya Juu ya Kanada iliitazama hoja hiyo mwaka 2000 katika kesi ya D.D., ikasema kwamba kuchelewa kusema, peke yake, hakuwezi kuwa msingi wa kumhukumu mlalamikaji kuwa mwongo, kwa kuwa hakuna kanuni isiyobadilika kuhusu jinsi mtu aliyetendewa anavyopaswa kuenenda. Uamuzi kama huo, ukiunganishwa na kifungu cha sheria ya nchi husika na utafiti uliohakikiwa, unatosha kujaza andiko zima.

Hatua ya 5: Fuatilia kila takwimu mpaka ilikozaliwa

Ningekuwa na nafasi ya hatua moja tu katika mwongozo huu, ningeandika hii.

Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya McKune dhidi ya Lile, iliyohusu mpango wa matibabu gerezani kwa waliotiwa hatiani kwa makosa ya kingono. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba kiwango cha kurudia kosa kwa wasiotibiwa kimekadiriwa kufika asilimia 80. Takwimu hiyo ilikuwa imetajwa katika andiko la rafiki wa mahakama, na aliyeliwasilisha hakuwa mtu mdogo. Ilikuwa serikali ya Marekani yenyewe. Chanzo kilichotajwa kilikuwa kitabu cha mwongozo cha Wizara ya Sheria cha mwaka 1988. Watafiti walipokuja kukifungua kitabu hicho, walikuta kinategemea makala ya mwaka 1986 katika jarida la saikolojia la wasomaji wa kawaida, iliyoandikwa na watu waliokuwa wakiendesha mpango wa tiba gerezani. Ndani ya makala ile asilimia 80 ilikuwa kauli tupu. Hapakuwa na data wala maelezo ya namna ilivyopatikana. Hata hivyo mwaka 2003, katika kesi ya Smith dhidi ya Doe, mahakama ilirudia kwamba hatari hiyo inatisha na ni kubwa, na maneno yale yakanukuliwa katika hukumu nyingi zilizofuata.

Wapo watakaosema: kama takwimu iliwabana wakosaji, sisi tunapoteza nini? Tunapoteza kila kitu. Siku takwimu moja ikionekana haina msingi, wakili wa upande wa pili atamwonyesha jaji na kumwambia kwamba watetezi wa manusura ndivyo walivyo. Manusura wamekwisha kuitwa waongo vya kutosha. Tusiwabebeshe na uongo wetu.

Kwa hiyo fanya kazi hii kwa mkono. Kwa kila takwimu, pata ripoti ya asili na ufungue ukurasa wenyewe. Andika nani walihojiwa, wapi, miaka gani, na swali waliloulizwa lilikuwa lipi. Angalia kama ripoti inasema "wengi wa waliohojiwa" na wewe umeandika "wengi wa manusura". Pengo hilo dogo ndilo wapinzani hulitafuta. Hifadhi nakala ya ukurasa katika faili moja, kwa sababu viungo vya mtandaoni hufa.

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza ni ya aina ninayoiona mara kwa mara:

"Inajulikana kwamba asilimia kubwa sana ya waathiriwa husema wakiwa watu wazima, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kutarajia mtoto aripoti."

Ya pili inasema kitu kilekile kwa namna ambayo jaji anaweza kukinukuu:

"Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza ukatili wa kingono dhidi ya watoto katika taasisi, kuanzia 2013 hadi 2017, iliwasikiliza faraghani manusura karibu 8,000. Ripoti yake ya mwisho inaonyesha kwamba iliwachukua kwa wastani miaka 23.9 kumwambia mtu. Takwimu hii inawahusu watu waliotendewa ndani ya taasisi na walioamua kuja mbele ya Tume. Haimaanishi kwamba kila manusura huchukua muda huo. Kwa shauri hili inaonyesha jambo moja: kikomo cha miaka mitatu kinachoanza kuhesabiwa tangu tukio kingewafungia mlango wengi wa watu hawa kabla hawajamwambia mtu yeyote."

Aya ya pili inakiri mipaka ya takwimu yake, na kwa kukiri huko inakuwa ngumu kuvunjwa. Haimtukani asiyekubali.

Sheria nayo ihakikiwe kama takwimu. Mwaka 2008, katika kesi ya Kennedy dhidi ya Louisiana, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza adhabu ya kifo kwa kosa la kumbaka mtoto pale ambapo mtoto hakufa. Moja ya nguzo za hukumu ilikuwa kwamba sheria ya shirikisho haikutoa adhabu hiyo. Kumbe mwaka 2006 Bunge lilikuwa limeiingiza katika sheria ya kijeshi. Pande za kesi hazikuiona, na marafiki wa mahakama wote hawakuiona. Jambo lilibainika baada ya hukumu kutoka, likazaa ombi la kusikiliza kesi upya ambalo mahakama ililikataa Oktoba mwaka huo, huku ikirekebisha maneno ya hukumu yake. Kipe kila kifungu mtu wa pili wa kukikagua, asiye mwandishi wake.

Kesi hiyohiyo inaonyesha pia andiko zuri linavyoweza kufanya kazi. Chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii na mashirika yanayowahudumia waliobakwa waliiambia mahakama jambo ambalo wengi hawakulitegemea kutoka kwao: kwamba adhabu ya kifo ingewaumiza watoto, kwa kuwa mtendaji mara nyingi ni ndugu au mtu wa karibu, na familia zingeficha zaidi. Mahakama iliitaja hoja hiyo katika hukumu. Walisema walichokijua kutokana na kazi yao ya kila siku, hata kama hakikufanana na matarajio ya watu kuhusu upande wao.

Hatua ya 6: Sauti za manusura, na ulinzi wao

Huhitaji kuwa na simulizi za watu binafsi katika kila andiko. Nasema hivyo kwa sababu shinikizo la kuziweka ni kubwa, na anayelipa gharama si sisi. Jiulize kama simulizi inathibitisha hoja ya sheria, au inapamba tu. Ikiwa inapamba, iondoe.

Pale inapohitajika, ridhaa ichukuliwe kwa mazungumzo zaidi ya mara moja, si kwa kutia saini fomu. Mweleze manusura kwamba hati ikishawasilishwa ni ya umma, kwamba inaweza kubaki mtandaoni siku zote, kwamba waandishi wa habari wataisoma, na kwamba aliyemtenda anaweza kuisoma pia. Mpe aya inayomhusu aisome mwenyewe na kuibadilisha. Mwambie siku ya mwisho ambayo bado anaweza kujiondoa, na uwe umepanga andiko kwa namna ambayo akijiondoa halianguki. Usimlipe kwa ajili ya simulizi.

Kuna hatari moja ambayo watu wasio mawakili huisahau. Ikiwa manusura huyo ana kesi yake inayoendelea au anayofikiria kuifungua, maelezo yake kwenye andiko lako yanaweza kutumiwa kumhoji baadaye: "Hapa ulisema ilikuwa usiku, leo unasema jioni." Kabla hajakuandikia hata sentensi moja, azungumze kwanza na wakili wake mwenyewe, asiye wa shirika lako.

Kwa aliye bado mtoto, ridhaa ya mlezi haitoshi. Mlezi anaweza kuwa na hofu ya fedheha, au uhusiano na mtendaji. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mtoto akisema hapana, imekwisha.

Kuficha jina ni mwanzo tu. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Meru nchini Kenya ilipoamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana kwa kushindwa kuchunguza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa, watoto hao walijulikana kwa herufi tu, na kesi inaitwa ya C.K. mpaka leo. Lakini herufi hazifichi kitu kama aya inasema "binti wa mwisho wa mchungaji, aliyesoma bweni katika shule ya misheni na kuhama baada ya moto". Kila kipande hapo hakina madhara peke yake, ila vikikaa pamoja, kijiji kizima kinajua ni nani. Andika: "manusura wa kwanza, aliyetendewa na mtu mzima mwenye mamlaka juu yake shuleni." Hoja haijapoteza chochote.

Kisha kagua faili yenyewe. Maandishi yaliyofunikwa kwa mstari mweusi katika PDF mara nyingine bado yapo chini yake. Yachague, yanakili, yabandike kwingine uone kama yanasomeka. Angalia jina la faili, jina la mwandishi lililohifadhiwa ndani yake, na masahihisho ya zamani yaliyofichika. Njia salama ni kufuta maneno kabisa kwenye rasimu na kutengeneza faili mpya.

Hatua ya 7: Andika

Mpangilio wenyewe si mgumu, na kanuni za mahakama yako zitakuongoza: wewe ni nani na kwa nini jambo hili linakuhusu, muhtasari wa hoja, hoja yenyewe, na unachoomba. Sehemu ya utambulisho iwe fupi, ionyeshe utaalamu, siyo sifa. Muhtasari uandikwe mwisho lakini kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa jaji mwenye mafaili mengi huenda akaamua hapo kama ataendelea kusoma.

Taja tendo kwa jina lake la kisheria. Mtoto "hakushiriki" wala "hakuwa na uhusiano" na mtu mzima. Alinajisiwa, au alibakwa, au alilawitiwa, kama sheria inavyosema na kama mahakama ya chini ilivyoona. Ikiwa jambo bado halijathibitishwa, sema "anadai" bila kuona haya. Kusema hivyo hakumsaliti manusura. Kunamwonyesha jaji kwamba unajua mahali kesi ilipofikia. Na usieleze tendo kwa undani unaozidi mahitaji ya hoja.

Hatua ya 8: Ikabili hoja ngumu ya upande wa pili

Hoja hiyo ipo, nayo si ya kipuuzi. Miaka thelathini ikipita, mashahidi hufa, kumbukumbu za shule huteketezwa, na anayetuhumiwa anaweza kushindwa kujitetea. Andiko linalojifanya halioni jambo hili halimshawishi jaji yeyote makini.

Jibu lake limekwisha kutolewa na mahakama kadhaa kwa njia tofauti. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilishughulikia kesi ya watu wanane waliodai kutendewa wakiwa watoto kati ya 1970 na 1989. Sheria ya huko ilikuwa imeuondolea ubakaji kikomo cha miaka 20 katika mashtaka, lakini ikakibakiza kwa makosa mengine ya kingono. Mahakama iliona ubaguzi huo hauna mantiki, kwa kuwa sababu zinazomfanya mtu achelewe kusema ni zilezile kwa makosa yote mawili. Tazama hoja ilivyojengwa: haikudai kwamba muda hauna maana, ilidai kwamba sheria imekata watu wanaofanana katika makundi mawili bila sababu.

Australia ililikabili kwa upande wa madai. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa, ilisikiliza kesi ya GLJ, iliyohusu tukio linalodaiwa la mwaka 1968 na padri aliyefariki 1996. Jimbo la kanisa lilitaka shauri lisimamishwe kabisa kwa kuwa haliwezi kuendeshwa kwa haki. Majaji watatu kati ya watano walikataa. Bunge likishaondoa ukomo wa muda, waliona, kupotea kwa ushahidi kwa sababu ya miaka kupita ni jambo linalotarajiwa, na peke yake halitoshi kulifunga shauri.

Kwa hiyo usiishie kusema "manusura wanastahili haki". Onyesha kinga zilizobaki kwa mtuhumiwa: mzigo wa kuthibitisha bado uko kwa anayedai, mahakama bado ina uwezo wa kusimamisha shauri lisiloweza kuwa la haki, na shahidi bado atahojiwa. Jaji anayeogopa kumwonea mtu anahitaji kuona njia ya kulinda pande zote mbili, na ni kazi yako kumwonyesha.

Hatua ya 9: Kuwasilisha, na siku zinazofuata

Wasilisha mapema kuliko siku ya mwisho, ukiwa umehesabu maneno, umehakikisha pande zote zimepata nakala, na umethibitisha na msajili kwamba hati imepokelewa. Usitoe taarifa kwa vyombo vya habari yenye maneno makali kuliko yaliyomo kwenye andiko. Mahali penye sharti la kutoegemea upande, taarifa hiyo inaweza kuwekwa mbele ya jaji kama sababu ya kukuondoa.

Ukigundua kosa baada ya kuwasilisha, iwe takwimu, kifungu au jina lililosahaulika kufichwa, mwandikie msajili siku hiyohiyo na uzitumie pande zote nakala. Kama kosa linahusu utambulisho wa manusura, omba hati iondolewe kwenye rekodi ya umma kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kisha mpigie simu yeye mwenyewe.

Hukumu inaweza kuchukua miezi mingi. Panga tangu mwanzo nani atawajulisha manusura waliochangia, na iwe kabla hawajaisoma kwenye simu zao. Waelezwe kwa lugha ya kawaida mahakama imeamua nini, na kama kesi zao wenyewe zinaguswa au haziguswi. Kama zinaguswa, mweleze kila mmoja tarehe ya mwisho inayomhusu na mpe jina la wakili wa kumwona, kwa sababu dirisha, yaani kipindi maalumu cha kufungua madai ambayo muda wake ulikwisha, huwa lina siku ya kufungwa. Lile la New York, lililofunguliwa Agosti 2019 kwa mwaka mmoja, liliongezwa muda, na Agosti 2021 likafungwa.